Kibuyu cha Digidigi

Nyati alikuwa na kiwanda cha kufyatua matofali, lakini kazi hakuzipanga kiwandani. Alizipanga jioni barazani kwake, kwenye pombe na wafanyakazi wake, kila mmoja na kibuyu chake. Digidigi na Kobe hawakunywa, basi kila asubuhi walikuta wamepangiwa kukanyaga udongo.

"Nani kaamua?" Digidigi aliuliza.

"Tuliamua sote jana," Fisi akamjibu. "Wewe hukuwepo."

Kobe alisema pombe haimpandi, akarudi zake matopeni. Digidigi alijaza maji kwenye kibuyu, akaenda barazani, akawa anakunja uso kila akimeza na kucheka kila Nyati akicheka. Kesho yake akapangiwa kazi ya kivulini.

Jioni moja Ngiri, katika kucheka, akakipiga teke kibuyu cha Nyati. Yakamwagika maji matupu.

Nyati akakohoa. "Pombe hunipasua kichwa tangu ujana. Nakaa hapa na kibuyu kwa ajili yenu."

"Na sisi kwa ajili yako, Mzee," alisema Ngiri, akainamisha kibuyu chake. Maji. Fisi akainamisha chake. Maji. Digidigi naye akamwaga yake.

"Kumbe haya tungeyaongea kiwandani mchana," Fisi alisema, "tukawahi makwetu."

Wengine wakaitikia. Digidigi akakikumbuka kile kivuli, akaukumbuka na ule udongo.

"Kiwandani?" akauliza. "Si Kobe naye atasikia?"

Wakakubaliana kwamba Digidigi ana busara, wakainuka kwenda kujaza vibuyu.