Mkono wa Mwisho wa Rangi

Kipara alikandamiza pasi ya moto juu ya kipande cha bati, akasubiri kidogo, akainua. Rangi ya kahawia ilikuwa imegeuka nyeupe pepe.

"Haya ndiyo mambo!" alisema. "Na antena yenyewe itakuwa hivi hivi?"

"Hivi hivi," fundi alijibu, macho hayatoki kwenye brashi.

Alidanganya. Lile bati tu ndilo lililopakwa rangi ya kinyonga aliyoitengeneza mwenyewe: kahawia kukiwa na baridi, nyeupe jua likiwaka, ili antena isichemke wala isionekane juu ya mapaa meupe ya mji ule. Antena yenyewe aliipiga mkono wa mwisho kwa kahawia ya kawaida. Mchana ingeonekana kama nzi kwenye maziwa. Na ndege za jeshi, zikiona antena ya kundi hili la waasi, hazibakishi jengo.

Tangu walipomtoa nyumbani kwao kwa mtutu wa bunduki, fundi hakuwa ameliona jua. Stoo ile ya chini haikuwa na dirisha. Mlango ulikuwa wa chuma, komeo kwa nje. Juu ya kichwa chake buti za Kamanda zilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hata usingizini alizisikia.

"Nikimaliza mtaniachia?" aliwahi kuuliza.

Kipara alicheka, akamtazama kwa huruma. "Kaka, umeshaziona sura zetu zote."

Siku ile ndipo alipokata shauri. Kama ni kufa, wafe wote.

Asubuhi walikuja wanne, wakaibeba antena ikiwa imefunikwa blanketi. Fundi alibaki ameegemea ukuta. Buti za Kamanda zilikuwa pale pale juu. Joto la stoo lilipanda, akajua jua limefika utosini.

Kisha akaisikia ndege. Mbali kwanza, halafu karibu. Akafumba macho, akajikunja, akangoja dari limshukie.

Komeo likalia. Kipara aliingia na kikombe cha chai, hana hili wala lile.

"Mbona unatetemeka hivyo? Tulia, haitupati sisi. Kamanda ana akili zake, hawezi kuweka antena mahali anapolala. Alitaka nyumba ya mtu baki, isiyoshukiwa na yeyote."

Fundi alifumbua macho. "Mmeifunga wapi?"

"Kwenu," alisema Kipara, akimpa kikombe. "Mama yako ndiye aliyetushikia ngazi. Kafurahi mno kusikia ni kazi ya mikono yako, hata sasa amekaa uani anaitazama."