Hatua ya Saba

"Mifano iwe ya kweli," bosi Mwakitalu alikuwa amemwambia. "Mwongozo wangu hauna nafasi ya mambo ya kubuni."

Basi Nasra akaandika mwongozo wa programu ya kurekebisha maelezo ya vipindi vya podikasti, na kila hatua akaiwekea picha ya skrini. Leo nakala tisa zilikuwa mezani, moja kwa kila mfanyakazi, na Mwakitalu akiwasomea kwa sauti hatua, nyingine ambazo mwenyewe hakuwahi kujifunza.

"Hatua ya sita. Fungua kipindi cha Visima Vilivyokauka." Akatabasamu. Ndicho kilichompa tuzo ya mtayarishaji bora. "Hatua ya saba. Bonyeza Historia, uone nani alibadilisha nini."

Akaisogeza karatasi karibu na macho.

Kwenye picha, upande wa kushoto, kabla ya mabadiliko, mtayarishaji alikuwa Nasra. Upande wa kulia, baada ya mabadiliko, alikuwa Mwakitalu. Chini, programu yenyewe ilikuwa imeandika jina la aliyebadilisha, Mwakitalu, pamoja na saa na tarehe: siku moja kabla ya majina kupelekwa kwa waamuzi wa tuzo.

"Hii itoe," akasema bila kuinua macho.

"Ulitaka mfano wa kweli, bosi," Nasra akajibu.

"Nimesema itoe. Au utoke wewe."

Nasra akachukua mkoba wake, akasimama. Hakuna aliyemtazama. Wote walikuwa wameinamia nakala zao, na chumbani kote zilisikika karatasi zikifunuliwa, moja baada ya nyingine, kuitafuta hatua ya saba.