Bunduki ya Fabrike

Ngondo alitia kidole ndani ya mdomo wa bunduki, akakizungusha, akakitoa, akakinusa.

"Papa," Monga, muuzaji wa bunduki, akamwambia, "hii haiko samaki ya Mulongo ya kunusa."

Ngondo hakucheka. Kicheko kilimhama tangu watu wa porini walipoingia kijijini kwao, upande wa Malemba-Nkulu, wakachoma nyumba yake na kumuua mke wake, Salomé. Wakubwa wa serikali walifika baadaye, moshi ulipokwisha, wasije wakakohoa. Walipiga picha. Picha zilitoka nzuri.

Sasa alikaa Kamina na binti yake Mira chini ya bashi, turubai la plastiki lililotoboka. Kuta za nyumba mpya alikwisha kuzisimamisha mwenyewe kwa matofali mabichi. Zilikosa paa tu. Na mvua zilikuwa zinanguruma upande wa Base, kambi ya jeshi. Zikianguka kabla ya mabati kupanda, kuta zitarudi kuwa matope.

Mabati yalikuwepo. Yalipangwa nyuma ya ofisi moja ya serikali mjini, yakimetameta mpaka kuku wa jirani wakayazoea. Ngondo aliyaomba hata akachoka. Shefu Ézéchiel, mkuu wa ofisi ile, alimjibu kila mara macho yakiwa kwenye simu: mabati ni ya wapiganaji wanaotoka porini, ili wasirudi tena kuua. Waliouawa watu wao wana programu yao, iko njiani kutoka Kinshasa. Labda inakuja kwa miguu. Neno "pole" halikumtoka shefu hata siku moja. Pengine nalo lilikuwa linangoja sahihi ya waziri.

Ndiyo maana asubuhi hii Ngondo alikuwa hapa, nyuma ya kibanda cha kutengeneza baiskeli, akichagua bunduki.

Alileta cherehani ya Salomé. Meza yake iliungua, lakini chuma kilipona na gurudumu lilizunguka bado. Sokoni walimwambia cherehani ile haiwezi kununua mabati ya kufunika hata choo. Kwa Monga ilitosha bunduki, tena ya kuchagua. Huku kwetu bunduki ni rahisi kuliko paa, halafu wakubwa wanaitisha semina kuuliza kwa nini hakuna amani.

Monga alimtolea moja fupi. Ngondo aligonga mtutu kwa ukucha, akatazama mahali ulipochomelewa.

"Hii iko bomba ya maji."

"Ni ya fundi wa ku kijiji. Lakini inapiga."

"Tunalia maji kila siku, kumbe bomba ziko huku. Ondoa. Na hii batanicheka."

"Ule unamupiga, papa, hatapata wakati ya kucheka."

Ya pili ilikuwa na sura ya fabrike, ya kiwandani. Ngondo alisoma namba ya mwilini, akasoma ya kwenye kifungio. Hazikufanana, na moja ilikwisha kukwanguliwa kwa tupa. Maaskari wazee wa Base, ambao pensheni yao nayo iko njiani, walikuwa wamemfundisha hilo: bunduki iliyounganishwa kwa vipande vya maiti za bunduki mbalimbali usiiamini, hata ikikupendeza. Aliirudisha.

Ya tatu ilikuwa ya zamani, ya Wabeleji. Mti wake ulikuwa mweusi kwa jasho la mikono. Ngondo alifungua, akainua mtutu kuelekea mbinguni, akachungulia: mikunjo ya ndani ilizunguka safi mpaka mwisho. Alifunga. Ilifunga kwa mlio mmoja, bila kulegea. Namba ilikuwa ileile kila mahali, na alama ya fabrike ilisomeka.

"Fabrike ya kweli haiogope kuandika jina yake juu ya kazi yake," alisema. "Serikali tu njo inaogopa."

Monga akakubali kwamba hilo ni kweli, ila akamwomba apunguze sauti.

"Imefanya kazi?" Ngondo akauliza.

"Imefanya. Usiniulize kwa nani."

"Na inaonekana kama imefanya?"

Monga akamtazama vizuri. Wateja wake wengine walitaka isionekane. Akasema inaonekana, hata kipofu ataisikia harufu. Kisha akasogeza kopo la risasi.

"Hizo apana," Ngondo akasema.

"Utapiga na nini, papa? Na maombi ya Kimetodisti?"

Ngondo alizungusha gurudumu la cherehani mara ya mwisho, kwa kiganja, polepole, kama anayemgusa mtu aliyelala. Halafu akaifunga bunduki katika kikwembe, kitambaa cha Salomé, akaibeba begani, akapita katikati ya mji jua likiwa juu. Watu wa kanisa walimsalimu. Aliitikia.

Penye ofisi, sentineli, mlinzi aliyezoea kumfukuza, aliona umbo lililokuwa ndani ya kikwembe. Alisogea pembeni, haraka, na kumwachia njia.

Shefu Ézéchiel alikuwa mezani, macho kwenye simu. Ngondo alifungua kikwembe.

Kwa mara ya kwanza shefu akainua macho. Hakumtazama Ngondo, aliitazama bunduki. Ngondo akailaza juu ya meza, mdomo wake ukielekea ukutani, akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia.

Shefu aliivuta kwake. Alisoma namba, akafungua, akafunga, akasikiliza mlio. Uso wake ukalainika.

"Hii njo bunduki," alisema. "Bengine banatoka porini, banatuletea bomba ya maji. Ulikuwa mu kikundi gani, papa?"

"Kile cha Malemba," Ngondo akajibu. "Bale tulichomaka nyumba ya Ngondo, tukamuua bibi yake, Salomé."

Shefu Ézéchiel akasimama, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, papa," akamwambia. "Maisha ya porini iko nguvu. Mabati yako njo ile, inyuma."