Kipini Kisichoyeyuka

Siku hizi kila kitu huyeyuka chenyewe kikitimiza miaka saba, au papo hapo kikitiwa kwenye ndoo ya taka. Sahani, kitanda, hata pete ya ndoa. Na pete ikiyeyuka, ndoa nayo imekwisha. Ndiyo maana Bi Mgeni hushinda kwenye jaa la zamani nyuma ya stesheni, akichambua udongo kwa vidole vitupu kutafuta vitu vya enzi za mama yake. Jembe halitaki. Jembe hukata, yeye husema, vidole husikia.

Asubuhi ile vidole vilisikia kipini cha pua, cha dhahabu, kama kile ambacho marehemu mama yake alikuwa akikisugua kwa majivu na ndimu kila mkesha wa Idi. Akakisugua vivyo hivyo, akampelekea binti yake Mwanaidi, aliyekuwa ndani akisingwa mwili kwa liwa ya kunukia kwa ajili ya harusi ya kesho.

“Kizuri, mama! Kitayeyuka lini?”

“Hakiyeyuki, mwanangu. Utamwachia binti yako, naye amwachie wake.”

Mwanaidi akakishika kwa ncha za vidole kama aliyepewa kaa la moto. “Miaka yote hiyo, mama? Mimi nitakiweka wapi?”

Harusi ikaisha, bibi harusi akaenda kwake. Bi Mgeni akabaki kufagia, na kwa mazoea tu akatumbukiza mkono kwenye ndoo ya taka. Vikombe, maua, mabaki ya pilau, vyote vilikwisha kuyeyuka. Chini kabisa, peke yake, vidole vikasikia kipini.