Maji ya Kuonja

Mkazamwana aliingia chumbani mbiombio, kiganja kimejaa maji ya mvua, akamsogezea mama mkwe wake mdomoni.

Kisiwani kwao hapakuwa na mto wala kisima. Kila nyumba ilikunywa mvua ya paa lake. Ila mvua ya mwanzo ilikuwa ya kuosha vumbi na kinyesi cha ndege, nayo ilimwagwa uani. Bomba la paa halikuelekezwa tangini mpaka mama huyu aonje na kutoa amri. Sasa maradhi yalikuwa yamemlaza, lakini cheo hakukiachia.

Akaonja, akafumba macho. "Tayari. Geuza bomba."

Mkazamwana alikwisha kuyaonja mwenyewe pale mlangoni. Yalikuwa bado na ladha ya kutu na uchafu. Ulimi wa mama ulikuwa umekwenda na ugonjwa, na mwenyewe hana habari.

"Haya, mama."

Huko nje hakuligusa bomba. Lakini tangi lilikuwa chini ya dirisha la mgonjwa, na likiwa tupu maji yakiingia lilinguruma. Lisiponguruma, mama angeuliza. Akainua ndoo ya mwisho ya maji safi, akaimimina tangini polepole.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia." Kisha akaongeza, "Ila hiyo ni ndoo, mwanangu."

Akabaki ameinamia tangi, mvua ikimpiga mgongoni.

"Kumbe bado ni machafu," sauti ikasema dirishani, taratibu. "Basi onja wewe, uniambie."