Mawe ya Baraza

Jiwe la kwanza lilimchoma makalio. La pili lilikuwa na ncha. Esha akainuka, akajipangusa vumbi, akakalia la tatu. Jua la saa saba lilikuwa juu ya utosi.

"Binti Jabiri," alisema fundi Mulei, "watu huchagua mawe kwa macho."

"Macho hayataketi hapa. Ataketi mume wangu."

Mulei alicheka. Kavata, mama mkwe wa Esha, aliyekuwa mlangoni akiambua mbaazi, hakucheka.

Habari ya baraza ililetwa na jirani yao Nzomo, kutoka Makueni. Huko ndiko Kiema, mumewe Esha, alikokwenda kufyeka vichaka apate shamba. Miaka miwili hakuwa amekanyaga nyumbani Zombe, hata sikukuu. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kumtazama Esha kwa ile njia yao: tumbo kwanza, uso baadaye.

Nzomo alisimama uani akasema, "Kiema anasema nyumbani mtengeneze baraza. Anakuja na wazee mavuno yakiisha." Akaenda zake bila kunywa hata maji.

Esha aliushukuru mgongo wake. Baba yake Jabiri alikuwa mtu wa Pwani, mfanyabiashara wa Kitui mjini, na mbele ya nyumba yao palikuwa na baraza la mawe na chokaa. Kila alasiri aliketi pale na rafiki zake, wakinywa kahawa na kuchambua mambo ya watu. Esha alikua akijua hivyo: mwanamume anayetaka kuondoka hajengi mahali pa kukaa. Basi Kiema alikuwa anarudi.

"Tungepiga udongo tu," Mulei alisema. "Tupake samadi, kesho kutwa umekalia."

"Mvua moja itaondoka nao."

"Basi mbao. Mti wa mukau, hata mchwa huukimbia."

"Mbao hung'olewa. Mtu akihama anazibeba."

"Nani anahama?"

Esha aligonga jiwe la tatu kwa nyundo, akasikiliza. Halikulia kama lina ufa.

"Simiti je?" alisema Mulei. "Tufanane na ofisi ya Mzungu."

"Simiti hupasuka, na sitaki ofisi. Nataka mawe kama haya, mapana, ya kule mlimani. Yaunganishwe kwa chokaa. Na upande huu uwe mpana zaidi, mtu aweze kujinyoosha."

"Mkokoteni wa kuyaleta utaulipa kwa kitu gani? Kwa mdomo?"

Alilipa kwa cherehani yake, ile aliyopewa na baba yake siku ya harusi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliitazama ikipakiwa, akarudi kuchuja chokaa.

Siku ya pili ya kazi, Kavata alimletea uji pale alipoinama. Hakuwa amewahi kumletea kitu mkononi tangu aolewe.

"Mwanangu, usijitese. Wazee wa huku hukaa hata mchangani. Baraza ni watu."

"Watu watakuja, mama. Wakute pa kukaa."

Kavata aliyatazama mawe. Kisha akachukua kibuyu chake, akarudi ndani.

Kiema alikuja Ijumaa. Esha alimwona mbali, amenenepa kidogo, na nyuma yake wazee wanne. Wa mwisho alikuwa mtu wa kanzu. Esha alipomtambua baba yake, alijipangusa chokaa mikononi kwa furaha. Hata mzee Jabiri ameitwa aje aone!

Kiema alimpa mkono kama mgeni. "Hujambo," alisema, akayatazama mawe kwa muda mrefu. "Hii ni nini?"

"Baraza lako."

Jabiri alipitisha kiganja ukingoni, palipounganishwa vizuri. "Kazi ya kwetu hii," alisema polepole, bila kumtazama binti yake.

Wazee waliketi. Mmoja alipiga jiwe kofi, akasema limetulia. Kavata alitoka akakaa chini kando ya ukuta, kitambaa chake cha kichwa amekivuta hadi machoni. Esha alizungusha chai, kikombe baada ya kikombe. Alibakisha cha Kiema, kilichojaa sukari kama alivyopenda zamani, lakini Kiema alikuwa bado amesimama.

"Keti, mume wangu," alimwambia. "Ule upande mpana ni wako."

Mzee Mutunga, mkubwa wao, aliweka kikombe chini, akakohoa.

"Binti, tua birika, usimame hapo mbele tukuone," alisema. "Sasa baraza lianze. Kiema, mwambie Jabiri kwa nini umemwita aje amchukue binti yake."