Ngumi Kabla ya Tone

Kila asubuhi baada ya sala, kabla ya kumpa mumewe tone la sumu ya konokono wa baharini, Mwanaidi alitakiwa na sheria kumpiga ngumi ya tumbo. Sumu ile ilizima maumivu ya utumbo, lakini ikizidi mwilini ilizima hata yale yanayomwonya mtu kwamba anakufa. Aliyelia alipewa tone. Asiyelia alikimbizwa hospitali, na dawa ikakatwa, asipewe tena. Jirani yao Mhina alipasuka utumbo huku anakunywa chai na kucheka.

Shekue, aliyeteseka miaka tisa kabla ya dawa hiyo, aliinua fulana na kufumba macho. Tumbo lote lilikuwa limevilia damu.

"Piga, Mama Saumu. Usinibembeleze kama mtoto."

"Bismillahi," alisema Mwanaidi, akainua ngumi. Kikohozi kikambana, mkono ukabaki hewani.

"Mamangu weee! Umeniua!" Shekue akapiga yowe, akajikunja.

Alipofumbua macho, aliiona ngumi bado iko pale juu.

"Tangu lini?" Mwanaidi akamuuliza.

"Tangu mfungo uishe. Usiwaambie wa hospitali, mke wangu. Kwenye yale maumivu sirudi."

Mwanaidi akampiga kwa nguvu zake zote. Shekue akamtazama tu, kwa huruma.

Miaka tisa alikuwa amemwomba Mungu amwondolee mumewe maumivu. Sasa akapiga tena, na tena, huku analia, akimwomba ayarudishe.